Jicho Moja Si Upofu

Nadhiri niliiweka nikiwa nimechuchumaa ndani ya banda la kuku, saa kumi na moja alfajiri, nimevaa gambuti na kaptula ya kulalia.

Ilikuwa mwezi wa pili na mdondo ulikuwa umeingia mtaani kwetu, huku Tengeru. Jirani wa bondeni alianza Jumatatu na kuku 30, Ijumaa akabaki na watatu na mbwa. Mdondo hauna utani. Kuku anazubaa, anaharisha kijani, shingo inapinda mpaka anatazama mbinguni kama anayeuliza kosa lake, na dawa ya kuutibu haipo. Kuna chanjo tu, nayo inamfaa kuku ambaye bado mzima. Mimi nilikuwa nimechanja wiki tatu nyuma, ile ya I-2, tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko nilio nao, kwa hiyo majirani huwa tunachanga. Jirani wa bondeni hakuchanga. Alisema kuku wake ni wa kienyeji, na wa kienyeji hawaumwi.

Mwenzenu sikuwa na amani. Ukidondosha lile tone inabidi umshikilie kuku kidogo mpaka apepese jicho, ndipo chanjo isambae. Jioni ya kuchanja kulikuwa na mpira kwenye televisheni. Katika kuku 42, kama sita hivi sikuwa na hakika tone liliingia jichoni au lilitua shavuni. Ndiyo maana alfajiri hiyo nilikuwa bandani namulika vinyesi kwa tochi nikitafuta rangi ya kijani.

"Bwana," nikasema, "ukinivushia hawa wote, yule jogoo mwekundu ni wako. Siku ya mavuno namleta mwenyewe kanisani."

Nilisema kwa sauti, na hapo ndipo nilipoharibu. Nyuma ya banda mama mkwe alikuwa akichuma mnavu.

"Amina, baba," akaitikia.

Hakufa hata mmoja.

Kufika mwezi wa nane jogoo mwekundu alikuwa na kilo nne kasoro robo, nimempima mwenyewe kwa mizani ya kahawa. Upanga mwekundu kama pilipili iliyoiva, macho maangavu, miguu laini isiyo na yale magamba yanayoinuka kwa sababu ya utitiri. Akiwika anaanza vizuri kama mwanakwaya, halafu mwishoni sauti inakwaruza kama mlango wa bati. Mtaa mzima unaujua mlio ule.

Jumamosi, kesho yake ikiwa mavuno, nikakutana sokoni na mama mmoja mwenye mgahawa kando ya barabara kuu. Anatafuta jogoo mkubwa, ana wageni Jumapili usiku. Bei aliyotaja ni shilingi 45,000. Nilitaka kumwambia nitafikiria, lakini nilipojisikia tayari nilikuwa nimesema, "Nitakuletea kesho mchana, nikitoka ibadani." Sikuwa na wasiwasi naye. Nilikuwa na uhakika ni Mkatoliki.

Usiku nikakaa kitandani kutafuta maandiko ya kunisaidia, na mtu akitafuta ya kumsaidia hakosi. Mungu haangalii kama wanadamu waangaliavyo, bali huutazama moyo. Safi kabisa. Moyo wangu ulikuwa kwa Bwana, jogoo ndiye aliyekuwa kwa mama wa mgahawa. Na bandani nilikuwa na jogoo mwingine, mzee, ambaye ndui ya kuku ilimpofua jicho la kushoto alipokuwa kifaranga. Najua nabii Malaki anawakemea waliotoa wanyama vipofu. Lakini kipofu ni asiyeona. Huyu anaona nusu.

Shida ilikuwa mama mkwe, ambaye baada ya ibada angekuja kula kwetu, na akija lazima apite bandani. Kwa hiyo jogoo mwekundu hakuweza kubaki nyumbani. Ilibidi asafiri nasi kanisani, kimya, kwenye buti ya gari.

Kumnyamazisha jogoo ni kazi ya kitaalamu. Kwanza giza, kwa sababu akiona mwanga anadhani kumekucha. Pili dari fupi: jogoo hawezi kuwika bila kunyoosha shingo juu, kwa hiyo nilichukua katoni ya mafuta ya kupikia, ya chupa 12, ambayo akisimama kichwa kinagusa mfuniko. Tatu asibebwe ameshiba. Chakula nilimwondolea usiku, maji nikamwachia hadi asubuhi. Chini nikatandaza maranda asiteleze. Juu nikafunika gunia jeusi. Matundu ya hewa nilitoboa manane, ubavuni karibu na mfuniko, maana kuku hatoki jasho. Akikosa hewa kwenye gari lililoegeshwa juani anakufa kabla ya tangazo la kwanza. Kwa ajili hiyo hiyo niliegesha chini ya mti na kuacha buti wazi kidogo, nimeifunga kwa kamba ya mkonge.

Mzee wa jicho moja nikamweka kwenye katoni ya pili, bila gunia. Akaonekana wazi, kama mtu mwenye dhamiri safi.

Nikaenda kuwasalimia wazee. Shikamoo mzee, marahaba, za nyumbani, mvua vipi huko kwenu. Ilichukua dakika nne. Ndani ya dakika hizo vijana wa usharika walifika kwenye gari. Vijana wetu siku ya mavuno hawaulizi. Wakiona buti ina kamba wanajua ni sadaka. Walibeba katoni ya kwanza, katoni ya pili, mkungu wa ndizi alioweka mke wangu, trei moja ya mayai, na gunia jeusi wakalikunja vizuri wakaliweka kwenye mahindi ya watu wengine. Walichoacha ni tairi la akiba.

Hayo yote sikuyajua. Nilikaa benchi la tatu, mke wangu kulia, mama mkwe kushoto, nikiimba sauti ya pili.

Kule mbele, miguuni pa madhabahu, kulikuwa na mahindi, maboga, maharage, miwa, mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye nguzo, na majogoo kama kumi wa watu mbalimbali. Katoni yangu iliangukia chini ya dirisha la mashariki. Jua la saa tatu likaingia kwa matundu yote manane. Halafu, na hili sikuwa nimelipigia hesabu hata kidogo, majogoo hujibizana. Mmoja akianza, mwenzake aliye karibu hawezi kuvumilia.

Tukafika kwenye maungamo. Mchungaji akasema tunyamaze, kila mtu amwambie Mungu ya moyoni mwake. Kanisa likatulia hata ukamsikia mbuzi akitafuna kitu ambacho nadhani kilikuwa kitambaa cha kinamama.

Jogoo wa mtu fulani akawika. Watu wakavumilia.

Kisha nikasikia katoni ikipasuka. Mfuniko wa katoni ya mafuta umeunganishwa kwa gundi tu, na gundi ikishapata unyevu wa pumzi ya kuku haina nguvu. Mimi nilikuwa nimepima urefu, uimara sikuupima. Kichwa chekundu kikatokeza, shingo ikanyooka yote, na jogoo wangu akawika kanisa zima, akaanza kama mwanakwaya, akamalizia kama mlango wa bati.

Mama mkwe alikuwa amefumba macho akiungama. Akafumbua jicho moja. Hakulielekeza kwenye madhabahu, alilielekeza kwangu.

"Petro kakaa benchi gani leo?" mchungaji akauliza, na kanisa likacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, nadhani ili nisionekane.

Lakini shetani hachoki, na mimi namsaidia. Wakati wa mahubiri akili ilikuwa ikipiga hesabu. Jogoo kashatolewa, sawa, nadhiri imetimia bila jasho langu. Sasa kwenye mnada nikimnunua kwa 25,000 nikampeleka mgahawani kwa 45,000, si nabaki na 20,000 halali kabisa?

Kwa asiyejua mnada wetu: baada ya baraka watu wanatoka nje, mali zinapangwa chini ya mti, na mzee wa kanisa mwenye sauti ndiye mnadishaji. Jogoo kwa kawaida huanzia 15,000. Anayeshinda analipa hapo hapo kwa mhasibu mwenye daftari. Akipenda anaondoka na mali. Akiguswa anasema "narudisha," na kitu kilekile kinauzwa upya, hela ya kwanza ikibaki kanisani. Nimewahi kuona boga moja likiuzwa mara nne na bado likarudi nyumbani kwa aliyelileta.

Jogoo mwekundu akainuliwa. 15,000. Nikasema 20,000. Upande wa pili, nyuma ya mgongo wa mnadishaji, sauti ikasema 25,000. Nikasema 30,000. Sauti ikasema 35,000. Damu ikapanda, nikasema 40,000, na sauti ikasema 45,000, na mimi bila kufikiri nikapaza, "50,000!" Kimya. Mnadishaji akahesabu mara tatu, akasogea pembeni.

Mama wa mgahawa alikuwa amesimama pale na kiti chake cha plastiki.

"Baba, kumbe ni wewe?" akasema, naye haongei taratibu. "Si huyu huyu tuliyepatana jana sokoni? Unaniletea saa nane, 45,000? Mbona unapandisha bei ya jogoo wako mwenyewe?"

Mzee mnadishaji akamtazama jogoo, akanitazama mimi, akaiangalia katoni ya pili ambamo mzee wa jicho moja alikuwa akitutazama sote kwa upande. Mama mkwe akamnong'oneza kitu kirefu. Nilisikia maneno mawili tu: "banda" na "amina".

"Mwanangu," mzee akasema, "Walawi 27, mstari wa 10. Mnyama wa nadhiri habadilishwi, mzuri kwa mbaya wala mbaya kwa mzuri. Mtu akibadili, wote wawili ni watakatifu. Wote wawili, umesikia?"

"Lakini mzee, kwenye Walawi kuku hatajwi. Wametajwa hua na njiwa."

"Ndiyo maana haendi madhabahuni, anaenda mnadani."

"Na sisi ni Walutheri, mzee. Tunaokolewa kwa neema."

"Neema ni yako. Jogoo ni wa nadhiri."

Watu walikuwa wameacha kununua maharage.

Nikalipa 50,000. Mhasibu akaandika jina langu. Nikachukua jogoo, nikafika naye hatua tano hivi, na mama mkwe akaniambia kwa upole ule wa kikwe unaotisha kuliko kelele: "Rudisha, baba." Nikarudisha. Wakapiga makofi na vigelegele, mchungaji akanishika bega akidhani nimeguswa na mahubiri. Jogoo akauzwa upya na mama wa mgahawa akamchukua kwa 40,000, tano pungufu ya patano letu, akanipungia mkono. Ni Mlutheri. Anasali mtaa wa pili.

Mzee wa jicho moja alinadiwa mwisho kabisa, baada ya miwa. Akaanzia 5,000, hakuna aliyesema kitu. Ikashuka. Mama mkwe akafungua pindo la kanga, akalipa 6,000 ambazo hakuna aliyemwomba, akaniwekea katoni mapajani kwenye gari.

"Huyu si wa kuchinja," akasema. "Mfuge."

Ni miezi minane sasa tangu arudi bandani. Anakula gramu 120 kwa siku na hana kazi yoyote, majike wanamkimbia. Jicho zima liko upande wa kulia, na upande huo wa banda ndiko iliko taa ya barazani kwa jirani, basi jirani akiiwasha mzee anadhani kumekucha. Jana jirani alirudi saa tano usiku. Taa, halafu jogoo, mara tatu. Mke wangu alikuwa amegeukia ukutani, amejifunika kanga mpaka kichwani, haongei, ila mabega yalikuwa yanatikisika.