Meli Haisubiri Barua ya Ottawa

Katika mjadala wa ruzuku kwa jamii za wenyeji asilia wa kaskazini mwa Kanada, kuna hoja moja isiyochoka kurudi: fedha zilitolewa, mwaka ukaisha, nyingine zikabaki bila kutumika. Wakosoaji wakishafika hapo hukumu yao huwa tayari. Jamii hizi, wanasema, hazina uwezo wa kuendesha miradi, kwa hiyo serikali ikaze masharti au ipunguze fedha.

Kabla ya kukubali hukumu hiyo, tutazame kalenda. Nunavut, eneo la kaskazini ya mbali la Kanada, ina jamii 25, na hakuna barabara inayoziunganisha zenyewe kwa zenyewe wala kuzifikisha kusini mwa nchi. Mbao, saruji, mabomba, matangi, kila kizito huja kwa meli wakati wa kiangazi, barafu ya bahari ikishayeyuka. Msimu huo ni wa miezi michache tu, na mzigo lazima uwe umeagizwa na kufikishwa bandari ya kusini mapema, la sivyo unaachwa. Mwaka wa fedha wa serikali ya shirikisho nao huanza 1 Aprili na kuisha 31 Machi.

Sasa chukua kamati ya kijiji iliyoomba ruzuku ya kujenga ukumbi wa vijana. Barua ya kukubaliwa inaingia Agosti. Kwa afisa aliyeiandika, bado kuna miezi saba ya kufanya kazi. Kwa kamati, mwaka umeshapotea, maana meli imekwisha kupakia. Wanaweza kuleta mbao kwa ndege, na nauli ikala fedha za ujenzi. Wanaweza kusubiri kiangazi kijacho, lakini 31 Machi itafika bahari ikiwa bado imeganda, na fedha zitatakiwa zirudi. Wakisubiri, wataandikwa kuwa wameshindwa kutumia ruzuku. Wakisafirisha kwa ndege, wataandikwa kuwa wabadhirifu. Ukumbi haupo kwa vyovyote vile, na anayesoma jedwali la matumizi akiwa Ottawa, mji mkuu, haioni meli popote katika jedwali hilo.

Halafu kuna karatasi. Mwaka 2002, Mkaguzi Mkuu wa Kanada alihesabu ripoti ambazo jamii ya Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji asilia wasio Wainuiti wala Wametisi, ilidaiwa na idara na taasisi nne tu za shirikisho. Alipata zisizopungua 168 kwa mwaka. Nimeirudia namba hiyo mara nyingi na kila mara inanishtua. Ni zaidi ya ripoti tatu kila wiki, sikukuu zikiwemo, msimu wa kuwinda ukiwemo, na wiki za misiba zikiwemo. Nyingi ya jamii hizo zina watu chini ya 500. Yeyote aliyewahi kuwa mweka hazina wa kikundi cha kijijini anajua maana yake: mtu mmoja au wawili wanaojua hesabu wanaacha kusimamia mradi ili waandike kuhusu mradi. Mkaguzi mwenyewe alisema nguvu hizo zingefaa zaidi kama zingewahudumia wanajamii moja kwa moja. Ofisi hiyohiyo iliporudi kufuatilia mwaka 2011, mzigo ulikuwa haujapungua kwa maana yoyote.

Upande wa pili una haki yake, na haki hiyo si ndogo. Hizi ni fedha za umma. Sheria ya mwaka 2013 iliyozitaka Mataifa ya Kwanza kutangaza hesabu zao na malipo ya viongozi wao ilipingwa na machifu wengi, na serikali ikasitisha kuisimamia mwaka 2015. Lakini wapo wanajamii wa kawaida walioipenda, kwa sababu iliwapa njia ya kuona kilichokuwa kikifichwa mezani mwa baraza. Mwanakijiji anayetaka kujua fedha za kijiji chake zimekwenda wapi si adui wa kijiji. Nina shaka tu kama ripoti 168 zinazopelekwa Ottawa zinamsaidia mtu huyo kuona chochote.

Wakosoaji hutaja pia ruzuku ya kushusha bei ya chakula kaskazini, Nutrition North, iliyoanza 2011. Ni kweli kwamba mwaka 2014 Mkaguzi Mkuu alikuta idara husika haijathibitisha kama wenye maduka wanapitisha punguzo lote kwa mnunuzi. Ila fedha zile zilikuwa zikilipwa kwa wafanyabiashara, si kwa jamii. Jamii zilianza kupewa sehemu yao mwaka 2020, kupitia ruzuku ya wawindaji ya dola milioni 40 kwa miaka mitano. Mashirika ya wenyeji wenyewe ndiyo huamua: mafuta ya pikipiki za theluji, risasi, au jokofu la pamoja la kuhifadhi nyama ya sili na samaki.

Na pale jamii ilipopewa muda, matokeo yanaonekana kwa macho. Old Crow, kijiji cha Vuntut Gwitchin, mojawapo ya Mataifa ya Kwanza, katika eneo la Yukon kaskazini-magharibi mwa Kanada, ndani ya Duara la Aktiki, kilikuwa kikiletewa dizeli ya umeme kwa ndege. Baada ya maandalizi ya miaka mingi na ruzuku za serikali, mwaka 2021 kiliwasha mtambo wa sola wa kilowati 940. Mtambo ni mali ya kijiji, na umeme wake unauzwa kwa kampuni ya umeme kwa mkataba wa miaka 25. Hakuna mradi wa namna hiyo ungeingia ndani ya miezi kumi na miwili.

Serikali imelisikia hilo kiasi. Tangu Aprili 2019 inatoa ruzuku za miaka kumi kwa Mataifa ya Kwanza. 85 yalianza nazo, fedha zinazobaki hazirudishwi, na ripoti zimepungua. Lakini ili uingie, lazima uwe na sheria yako ya usimamizi wa fedha na hesabu safi za miaka ya nyuma. Jamii yenye ofisi imara inapita. Jamii ya watu mia tatu, ambayo mhasibu wake aliondoka kwa kukosa nyumba ya kuishi, inabaki kwenye ruzuku za mwaka mmoja mmoja na fomu zake zote, bila mhasibu mwingine, sembuse nyumba yake.