Tusiige kila kitu kwenye jokofu la damu la Waingereza

Watanzania tulioko Uingereza tunaulizwa sana na walioko nyumbani: mbona huko mtu akipata ajali haambiwi alete ndugu watatu wachangie damu? Wengi hujibu kuwa ni pesa. Pesa ipo, sikatai, ila mimi naona tofauti kubwa zaidi iko kwenye hesabu ya asubuhi.

Hospitali ya huku ina kiwango chake cha akiba kwa kila kundi la damu. Mtu wa maabara anahesabu chupa, na kundi likishuka chini ya kiwango anaagiza hapohapo, mgonjwa awepo asiwepo. Chembe nyekundu, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, hukaa siku 35 kwenye nyuzi 2 hadi 6, hivyo ya zamani ndiyo inatangulia kutoka. Inayokaribia mwisho wa muda inaweza kuhamishiwa hospitali kubwa yenye majeruhi wengi, isije ikamwagwa.

Kwetu mara nyingi damu huanza kutafutwa mgonjwa akiwa ameshafika. Ndugu hata akichangia dakika hiyo, damu yake lazima ipimwe VVU, homa ya ini B na C na kaswende, na huenda kundi lenyewe lisioane. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hana muda huo. Halafu ndugu aliyebanwa ana sababu ya kuficha mambo yake kwenye fomu, au kumlipa mtu wa getini achangie badala yake.

Lakini huku nako kuna ugonjwa wake: kukimbilia O hasi, damu ambayo karibu kila mgonjwa anaweza kupewa kabla kundi lake halijajulikana. Juni 2024 wadukuzi waliiangusha mifumo ya Synnovis, inayohudumia maabara za hospitali kubwa za London. Kulinganisha damu ya mgonjwa na ya chupa kukawa kwa kusuasua, hospitali zikaegemea kundi O, na Julai akiba ya O ikashuka hadi nchi ikatangaziwa tahadhari. Ndiyo maana mwongozo wa huku ni kwamba mwanamume mzima, au mwanamke aliyepita miaka 50, apewe O chanya kwenye dharura. Sisi ambao Rh hasi (wenye kundi la alama ya hasi) ni wachache zaidi tuna sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo. Kumsakia O hasi kijana wa bodaboda ni kumpotezea muda. Iwekewe wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa, maana kingamwili za Rh, yaani kinga ambayo mwili wa mama mwenye damu hasi hutengeneza dhidi ya damu chanya, zinaweza kumdhuru mtoto wa mimba ijayo. Na sampuli ichukuliwe kabla ya chupa ya kwanza kuingia, la sivyo kipimo cha kundi kitachanganya. Kundi hujulikana kwa robo saa hivi. Kulinganisha kamili huchukua kama dakika 45.

Damu nzima, isiyotenganishwa, ya hospitali zetu za wilaya tusiionee aibu. Huku hugawanywa, kwa hiyo mgonjwa akipewa chembe nyekundu, plazma (majimaji ya damu), ambayo huhifadhiwa ikiwa imegandishwa, bado inayeyushwa kwa karibu nusu saa. Helikopta za dharura za Uingereza nazo zimewahi kuingia kwenye majaribio ya damu nzima!

Cha kuiga ni nidhamu ya saa. Chupa iliyotoka jokofuni zaidi ya dakika 30 hairudishwi, na kumwongezea mgonjwa kuishe ndani ya saa 4. Chupa huharibika ikisahaulika mezani mshipa ukitafutwa, ikiwekwa kwenye friji la dawa la wodini, au ikigusana na barafu kwenye kasha: chembe huganda na kupasuka. Kadibodi nene kati ya barafu na chupa inasaidia.

Upungufu wetu nao una kalenda. Wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari, hivyo likizo na Ramadhani jokofu hukauka. Ukikusanya wiki moja kabla ya shule kufungwa, siku 35 zinafunika sehemu kubwa ya likizo. Ila ratiba izingatie kwamba mvulana hurudia baada ya miezi 3 na msichana miezi 4, na aliye chini ya miaka 18 au kilo 50 hachangii.