Kabla ya Kuongeza Paneli, Tuitulize Volteji

Masika iliyopita nilishinda kutwa katika banda la wavuvi huko Likoni, kipima volti mkononi, nikitazama jinsi friza mbili zilivyozima na kuwaka upya kila wingu lilipopita juu ya paneli za sola. Ndani yake mlikuwa na changu na tafi, jasho la watu waliokesha baharini. Fundi aliyefunga mtambo huo wa volti 12 alishauri paneli ziongezwe. Sikubaliani naye hata kidogo, kwa sababu betri zilikuwa na chaji ya kutosha. Kilichokosekana ni volteji tulivu.

Katika gridi ndogo ya mkondo mnyoofu (DC), kama ile ya bandani, hakuna masafa ya hezi 50 kama ya umeme wa gridi ya taifa, ya kutuonyesha iwapo umeme unaozalishwa unalingana na unaotumika. Volteji peke yake ndiyo inayobeba habari hiyo. Tena hakuna rota nzito, ile sehemu ya jenereta inayozunguka, ya kuhimili mshtuko wa ghafla, bali kapasita tu, vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji, ambazo akiba yake huisha kwa sehemu ndogo ya sekunde. Friza zenye kompresa za kielektroniki huzidisha tatizo: zinataka wati zilezile wakati wote, hivyo volteji inaposhuka huvuta ampea nyingi zaidi, na ampea hizo hupita katika nyaya zilezile na kuishusha volteji zaidi.

Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, mita 10 kwenda na 10 kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.14. Ampea 10 zikipita humo hupotea volti 1.4, jambo zito mno kwa mtambo wa volti 12. Kwa volti 48, mzigo uleule huhitaji ampea 2.5, na upotevu ni volti 0.35 tu.

Wapo wanaotaka kompyuta moja iamuru betri zote kupitia nyaya za mawasiliano. Naikubali kama ngazi ya pili, ya kuirudisha volteji kwenye kiwango chake taratibu, lakini ulinzi wa kwanza ubaki ndani ya kila konvata, kifaa kinachodhibiti volteji kati ya betri na nyaya. Konvata iliyopangwa kwa volti 48 na mteremko wa omu 0.1, yaani kushuka volti 0.1 kwa kila ampea inayotoa, hujishusha hadi volti 46 inapotoa ampea 20, na kwa kushuka huko betri mbili hugawana mzigo bila kuambiana neno. Volti hizo mbili ni gharama ninayoilipa kwa moyo mweupe, maana hewa ya chumvi ya Pwani hula viungio, na waya wa mawasiliano ukikatika mteremko ule haupotei.

Jioni ile nilifungua kiungio kimoja kilichoota kutu ya kijani, nikakisugua na kukibana upya. Volteji kwenye friza ilipanda kwa karibu volti nzima, bila paneli hata moja kuongezwa.