Nani alimfundisha nani? Italia, Flanders na deni la Renesansi

Tarehe 28 Mei 1483 mahamali 16 walipita lango la San Frediano mjini Firenze wakiwa wamebeba mzigo uliotoka Bruges, mji wa Flanders, katika Ubelgiji ya leo. Mzigo huo ulikuwa umesafiri kwa meli hadi Sicilia, ukafikishwa Pisa, ukapandishwa mto Arno kwa mashua, na sasa ulikuwa unakwenda kwenye kanisa la hospitali ya Santa Maria Nuova. Ndani yake mlikuwa na picha ya altare ya Hugo van der Goes, mchoraji wa Ghent aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Milango yake ikifunguliwa, upana wake unakaribia mita sita. Aliyeiagiza ni Tommaso Portinari, Mwitalia aliyesimamia tawi la Bruges la benki ya Medici, familia tajiri ya Firenze, na aliituma nyumbani kwao kama mtu anayetuma kitu ambacho anajua nyumbani hakipo.

Nauanzia mzigo huu kwa sababu hauingii vizuri katika hadithi tuliyoizoea. Hadithi hiyo inasema Renesansi, yaani kuzaliwa upya kwa sanaa na elimu ya kale, ilichipuka Italia, ikakomaa Italia, kisha ikavuka milima ya Alpi kwenda kuwaamsha watu wa Kaskazini. Aliyeikita mizizi ni Giorgio Vasari, mchoraji na msanifu majengo wa Arezzo, katika kitabu chake cha maisha ya wasanii kilichotoka 1550 na kutolewa tena 1568 kikiwa kimepanuliwa. Wapo wanaompinga. Wanasema Flanders na Ujerumani zilikuwa na mwamko wao wenyewe, na hazikumngoja mtu. Kila upande una hoja nzito. Shida yangu ni kwamba wote wanatia uchoraji na ujenzi katika kapu moja, wakati deni la kila fani lina mdai wake.

Nianze na upande wa Vasari, maana siku hizi ni rahisi mno kumbeza. Ukisimama ndani ya kanisa la Santa Maria Novella mbele ya picha ya Utatu Mtakatifu aliyoichora Masaccio wa Firenze mnamo 1427, ukuta unafunguka. Unaona chumba chenye dari la tao kinachoingia ndani, na mistari yote ya dari hilo inakutana mahali pamoja, chini ya msalaba, usawa wa jicho la anayetazama. Hii ndiyo perspektivu: kanuni ya hesabu ya kuonyesha umbali kwenye kitu kisicho na kina. Mwaka 1435 msomi Leon Battista Alberti aliiandika kitabuni, hatua kwa hatua, na kuanzia hapo kijana yeyote mwenye rula na subira angeweza kufundishwa.

Sasa linganisha na picha ya wanandoa wa Arnolfini, aliyoichora Jan van Eyck huko Bruges mwaka 1434, ambayo leo iko London. Chukua rula uifuate mistari ya sakafu, ya dari na ya kitanda. Haikutani mahali pamoja. Van Eyck alikijenga chumba kile kwa jicho, na jicho lake lilikuwa la ajabu, lakini asingeweza kumwandikia mwanafunzi kanuni aliyoitumia. Hapa Italia inashinda bila mjadala. Hata Kaskazini walijua. Albrecht Dürer wa Nürnberg alikwenda Venezia kwa mara ya pili mwaka 1505, na mwaka uliofuata alimwandikia rafiki yake kwamba atapanda farasi hadi Bologna kwa mtu aliyeahidi kumfundisha siri ya perspektivu. Alirudi kwao, na mwaka 1525 akachapisha kitabu chake cha upimaji kwa Kijerumani, kwa sababu aliona vijana wa kwao wana mikono mizuri ila hawana msingi wa nadharia. Katika barua hizohizo aliandika: "Hapa mimi ni bwana, nyumbani ni mdoezi." Mtu anayeandika hivyo hatafuti rangi mpya tu. Ameona nchi ambamo mchoraji huhesabiwa kuwa msomi, si fundi wa mikono tu.

Basi, hadi hapo Vasari yuko sawa. Lakini rudi kwenye ile picha ya Arnolfini na uisogelee. Nyuma ya wanandoa, ukutani, kuna kioo cha mviringo kilichobinuka. Ndani ya kioo wamo migongo ya wanandoa hao, dirisha, na watu wawili wanaoingia mlangoni ambao sisi hatuwaoni kwa sababu wamesimama pale tuliposimama. Fremu ya kioo ina viduara kumi, na katika kila kimoja mmechorwa tukio la mateso ya Yesu. Picha nzima ina urefu wa sentimita 82 tu! Juu ya kioo ameandika kwa Kilatini kwamba Jan van Eyck alikuwa hapa, 1434. Hakuna mchoraji wa Firenze wa mwaka ule aliyeweza kufanya hivi, na sababu si kipaji peke yake. Ni vifaa. Firenze walichora kwenye lipu mbichi, au kwenye mbao kwa rangi iliyokorogwa na kiini cha yai, ambayo hukauka upesi na haipitishi mwanga. Van Eyck alipaka tabaka juu ya tabaka la rangi ya mafuta, nyembamba kama utando, mwanga ukapenya hadi chini na kurudi. Ndiyo maana shaba yake inang'aa na manyoya ya nguo yanaonekana kama yatashikika.

Vasari mwenyewe alimpa Van Eyck sifa ya kuvumbua rangi za mafuta. Alikosea, kwa kuwa mtawa wa Kijerumani aliyejulikana kama Theophilus alishaeleza mapema katika karne ya 12 jinsi ya kusaga rangi kwa mafuta ya kitani. Ila kosa hilo lina maana yake: hata mtetezi mkuu wa Italia alikiri kwamba kifaa kilichobeba uchoraji wote wa baadaye, wa Tiziano na wa Leonardo pia, kilitoka Kaskazini. Na karibu miaka mia kabla ya kitabu chake, mwaka 1456, Mwitalia Bartolomeo Facio aliyekuwa Napoli alimtaja Van Eyck kuwa mchoraji wa kwanza wa zama zao. Wakati ule Waitalia hawakuwa na wasiwasi wa kusema hivyo.

Lawama nzito zaidi dhidi ya Kaskazini imeandikwa na Mreno Francisco de Holanda, aliyesema aliisikia kwa Michelangelo, mchongaji na mchoraji wa Italia: kwamba picha za Flanders huwaliza wacha Mungu kwa nguo, majani na vijumba, zinataka kufanya mambo mengi kwa wakati mmoja, hazichagui. Lawama hii naichukulia kwa uzito. Ni kweli Van der Goes hachagui kama Michelangelo anavyochagua. Katika picha ya Portinari mtoto Yesu amelazwa chini, ardhini patupu. Mbele yake kuna bilauri yenye maua, na mwanga unaipitia bilauri hiyo hadi unaona kivuli chake. Kulia wanaingia wachungaji watatu wakihema, mikono imekomaa kwa kazi, midomo wazi. Van der Goes ameitazama bilauri kwa heshima ileile aliyomtazama nayo mchungaji, na mchungaji kwa heshima ileile aliyowapa malaika. Kwangu mimi huko nako ni kuchagua. Amekataa kusema kwamba mwili mzuri wa sanamu ya Kirumi unastahili kuchorwa kuliko uso wa maskini.

Wafirenze walimwelewa. Miaka miwili tu baada ya mahamali kupita lango lile, Domenico Ghirlandaio alimaliza picha ya wachungaji kwa ajili ya kanisa la Santa Trinita. Mwenye kuilipia alikuwa Francesco Sassetti, meneja mkuu wa benki ya Medici, yaani bosi wa Portinari. Wachungaji wa Ghirlandaio wana nyuso za wale wa Van der Goes, zilezile zilizochomwa na jua. Lakini hori la ng'ombe amelifanya kuwa jeneza la mawe la Kirumi, na paa la zizi limeshikwa na nguzo za Kikorintho (nguzo za kale zenye vichwa vilivyochongwa majani), moja ikiwa imeandikwa 1485.

Vasari hakupenda deni la namna hii. Jacopo Pontormo alipochora kwenye nyumba ya watawa ya Galluzzo, nje ya Firenze, kuanzia 1523, alifuata chapa za Dürer, yaani picha zake za kuchapishwa, waziwazi. Vasari alimkemea kitabuni, akiuliza kama Pontormo hakujua kwamba Wajerumani na Waflandri huja Italia kujifunza mtindo ambao yeye anahangaika kuutupa. Kuhusu Dürer aliandika kwamba lau nchi yake ingekuwa Toscana badala ya Flanders, na lau angeweza kuyasoma ya Roma, angekuwa mchoraji bora kuliko wote wa Italia. Dürer hakuwa mtu wa Flanders, alizaliwa Nürnberg. Kwa Vasari, ng'ambo ya Alpi palikuwa mahali pamoja tu.

Kwenye majengo mambo hubadilika. Hapa siwezi kuwaunga mkono wanaodai usawa. Nguzo, vipimo na tao la Kirumi vilitoka Italia, kwa sababu magofu yenyewe yalikuwa pale ya kupimwa. Na vilisambaa kwa kitabu. Msanifu majengo Sebastiano Serlio alichapisha Venezia mwaka 1537 maelezo ya aina za nguzo yenye michoro. Miaka miwili baadaye Pieter Coecke van Aelst alikuwa ameshayatoa kwa Kiflandri huko Antwerpen, bila ruhusa, na Serlio akalalamika. Ukumbi wa mji wa Antwerpen uliojengwa 1561 hadi 1565 una nguzo hizo safu kwa safu, na katikati yake umeinuliwa uso mrefu wa paa kama wa nyumba za wafanyabiashara wa pale.

Hata hivyo, kuita ujenzi wa Kaskazini kuwa umechelewa ni kuupima kwa fimbo ya jirani. Dari la kanisa la King's College huko Cambridge, lililokamilika 1515, limetandazwa kwa mawe yaliyochongwa kama mapepeo, na hakuna chochote cha kizee ndani yake. Lenyewe kuba la kanisa kuu la Firenze, fahari ya msanifu Filippo Brunelleschi, lililoanza 1420 na kufungwa 1436 bila jukwaa la kulishikilia kutoka chini, lina ncha ya Kigothi, yaani ya mtindo wa ujenzi wa Ulaya ya zama za kati, na mbavu nane. Umbo lake lilikuwa limeshaamuliwa tangu 1367. Kilichokuwa kipya ni akili ya kulijenga: matofali yaliyopangwa kama mifupa ya samaki ili kila safu ijishikilie yenyewe.

Iliko fedha ndiko mitindo ilikokutana. Augsburg, kusini mwa Ujerumani, tajiri wa biashara na benki Jakob Fugger na ndugu yake walianzisha mwaka 1509 kikanisa cha familia ndani ya kanisa la Mtakatifu Anna. Jakob alijifunza biashara Venezia. Kuta na marumaru ni za Kiitalia, dari juu yake ni mbavu za Kigothi zilizosukwa kama wavu, na michoro ya mawe ya makaburi inatokana na Dürer. Miaka minne kabla, Fugger na jirani zao Welser waliweka mtaji katika msafara wa Mreno Francisco de Almeida kwenda India. Ndio uliovamia Kilwa mwezi Julai 1505 na kuichoma Mombasa mwezi Agosti. Wakala wa Welser, Balthasar Springer, alikuwemo melini, na aliporudi aliandika habari zake. Mwaka 1508 Hans Burgkmair, mchoraji wa mji uleule, alizitolea picha za kuchapishwa kwa mbao: familia zenye baba, mama na watoto, na juu yao majina ya Guinea, Arabuni na India. Chapa hizo ziliuzwa Augsburg wakati Fugger akijiandaa kulijengea kaburi lake marumaru.