Dawa ya kupunguza mwili: mfamasia aulize nini?

Marekani, tangu 2007, mtu mzima anaweza kuchukua orlistati, dawa ya kupunguza mwili, ya miligramu 60 kwenye rafu ya supamaketi kama anavyochukua dawa ya meno, akalipa na kwenda zake. Uingereza dawa hiyohiyo haihitaji cheti cha daktari, lakini huuzwa chini ya uangalizi wa mfamasia, na imekusudiwa wenye BMI (kipimo cha uzito kulingana na urefu) ya 28 kwenda juu. Kwa mwenye urefu wa sentimita 160, hizo ni kilo 72 hivi.

Wapo wanaoona maswali ya mfamasia kaunta, kama una kilo ngapi na unatumia dawa gani, ni usumbufu mtupu, na siwalaumu. Orlistati haiingii sana kwenye damu. Kazi yake iko tumboni: huzuia takriban robo ya mafuta ya chakula yasimeng'enywe, nayo hutoka yalivyo. Ukiimeza kisha ukala chipsi mayai, choo kitakufunza kuliko mfamasia yeyote. Halafu nani anapenda kutaja kilo zake foleni ikisikia? Atadanganya, au ataagiza mtandaoni zile "chai za mitishamba", ambazo baadhi zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni 2010 kwa kuhatarisha moyo.

Kwangu mimi, swali la kilo ndilo dhaifu kuliko yote. Lenye maana ni hili: unatumia dawa gani nyingine? Aliyepandikizwa figo akiwa anatumia siklosporini, dawa ya kuzuia mwili usikatae figo hiyo, hatakiwi kuigusa orlistati, wala anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Wa dawa ya tezi ya shingo (thairoidi) aonane na daktari kwanza. Na wa ARV je? Dolutegraviri, mojawapo ya ARV, inayotumiwa na watu wengi sana Afrika Mashariki, imehusishwa na kuongezeka uzito, kwa hiyo mtumiaji wake ana kila sababu ya kuja kutafuta dawa ya kupunguza mwili. Orlistati nayo imeripotiwa kudhoofisha ARV hadi virusi vikapanda. Onyo hilo limo kwenye karatasi ya ndani ya boksi, kwa herufi za kusomwa na mwenye miwani.

Ila ukiuliza hayo mbele ya watu watatu waliopanga foleni, jibu litakuwa "hakuna". Ni bora kumwita mteja kwenye chumba cha ushauri, mlango ufungwe. Ugumu ni kwamba mfamasia naye ni muuzaji: akitoka humo amesema "hii haikufai", boksi linarudi kwenye rafu na dakika tano zimekwenda.