Eti Simu Yangu Itaangusha Ndege

Jamani simu yangu hii mnaijua, kioo kimepasuka chote, nikiwa nyumbani Langoni, hapa Lamu, lazima nipande darini nisimame kando ya tangi la maji ninyooshe mkono juu kama mwenye kuomba mvua ndo mtandao uje kidogo, na huko chini mke wangu anapiga kelele nimtumie mia mbili ya samaki. Simu hiyohiyo. Juzi nimepanda ndege pale Manda nampeleka mamangu kliniki Nairobi (tiketi kalipa mkwe, mimi ningeenda zangu na basi), binti wa ndege akanijia, "Baba, zima simu tafadhali, inaweza kuingilia vyombo vya rubani." Nikageuka nyuma nione anasema na nani.

Hii? Imeshindwa na mia mbili ya samaki itamuweza rubani?

Nikazima, mtu mzima sibishani na mtu aliye na ndege. Basi ndo kwanza tunapaa, bado naiona Lamu yote dirishani, kaswida ikalia ndani ya buibui la mamangu, wazungu wote wakageuka. Kimulika mwizi chake! Akapokea kwa sauti ya kuita boti ng'ambo: "HALOO! TUKO JUU!" Kumwambia azime akasema yeye kuzima hajui, anajua kupokea tu.

Nimerudi nikawasimulia pale barazani, mpwa wangu anayejifanya fundi akanambia mjomba, waliotishana kweli ni Marekani, na wala si simu, ni minara. Januari 2022 walikuwa wanawasha mtandao mpya wa simu, 5G, masafa yake 3.7 mpaka 3.98 gigahatsi, na ndege zina kitu altimita ya redio, inatupa mawimbi chini yakigonga ardhi yanarudi, rubani hata kwenye ukungu anajua kabakisha futi ngapi, sasa hiyo iko 4.2 mpaka 4.4. Nikamwambia si wameachana hao. Akasema wameachana lakini altimita zingine za zamani hazichuji vizuri, ni kama nyumba zetu hizi za mawe mjomba, jirani akikohoa wewe unasema pole. Hapo nikaelewa. Ikawa tafrani, Emirates wakasimamisha safari za miji kadhaa ya huko, mwisho kampuni za simu zikakubali kungoja kwanza na minara iliyo karibu na viwanja vya ndege.

Mimi hapo roho ikaniuma. Wenzetu mtandao umewazidi mpaka ndege zinaogopa kutua, mimi nazeekea darini! Nikamuuliza mpwa, mnara kama huo bei gani, tuusimamishe hapa Langoni, wale wa Manda tutawaambia washuke kwa macho. Akacheka akaondoka, na soda yangu hajalipa.

Mamangu anasema tusimsumbue na minara, simu yake haina shida.