Tuna Hema la Matanga, Hatuna Kiti cha Magurudumu

Baba aliruhusiwa hospitalini Ijumaa moja saa kumi jioni, na kama kuna saa mbaya ya kumruhusu mtu asiyeweza kusimama, ni hiyo. Mpaka tumalizane na watu wa malipo na kupata gari, giza lilikuwa limeshaingia. Wanaoijua Maragoli, huku Vihiga magharibi mwa Kenya, wanajua kwamba gari hufika mahali likakoma. Kutoka barabarani hadi kwetu ni kijia kinachopanda katikati ya mawe makubwa kama nyumba, na pikipiki haiwezi kumbeba mtu ambaye upande wake wote wa kulia umelala. Vijana wanne wakakimbia kutafuta kiti. Walichokipata ni kiti cha plastiki cha chama chetu cha mazishi, mgongoni kimepakwa herufi za chama kwa rangi nyeupe. Kabla hatujamketisha, Baba alizisoma zile herufi kwa mwanga wa simu, akacheka. Mdomo ulikuwa umempinda na maneno hayakuwa yakitoka sawasawa, lakini kicheko kilitoka. Kilikuwa cha kwanza tangu kiharusi kimwangushe. Tukamfunga kwa leso ya Mama asiteleze, tukaanza kupanda.

Mimi sikucheka usiku ule. Nilikuja kuelewa utani wake baadaye.

Hospitali yenyewe sitaitaja, na wala sina ugomvi na madaktari wake, maana walimwokoa. Walichotupa wakati wa kuondoka ni mfuko wa dawa na karatasi moja. Karatasi ilisema CVA, yaani kiharusi, ikasema HTN, yaani presha, ikaorodhesha dawa na kando ya kila dawa herufi mbili, OD au BD. Chini kabisa iliandikwa TCA 6/52. Kwa muda wa siku tatu niliamini TCA ni dawa ambayo duka la hospitali lilisahau kutupa, hata nikaiulizia kwa muuza dawa pale Chavakali. Akacheka pia. Maana yake ni kwamba mgonjwa arudi baada ya wiki sita.

Sasa nauliza, karatasi ile iliandikiwa nani? Daktari mwingine angeisoma kama gazeti. Lakini hakuna daktari aliyekuja kulala kwetu. Aliyebaki na mgonjwa ni mimi, fundi wa umeme kutoka Nakuru niliyeomba ruhusa ya wiki mbili, pamoja na Mama, ambaye magoti yake hayamruhusu kumwinua hata mtoto. Mke wangu alikuwepo na alifanya kazi ya watu watatu, ila kwetu mke wa mwana haingii chumba cha kulala cha baba mkwe, sembuse kumwogesha. Dada yangu ameolewa Busia, akaja wiki moja, akarudi kwa watoto wake. Kwa hiyo aliyebaki na beseni na sabuni ni mimi.

Hakuna anayekufundisha kumwogesha baba yako. Siku ya kwanza aligeuza uso, akaikazia macho kalenda ya ukutani kana kwamba anahesabu sikukuu. Nami nikaanza kumweleza habari za waya, jinsi soketi ile ya jikoni ilivyofungwa vibaya na jinsi nitakavyoibadilisha, neno juu ya neno, mpaka nikamaliza kumkausha. Ndivyo tulivyofanya kila asubuhi. Nyumba yetu sasa haina soketi mbovu hata moja.

Siku ya tisa niliona alama juu ya matako, pale mfupa wa mwisho wa mgongo unapojitokeza. Ilikuwa kama mahali palipoguswa na pasi, peusi kuliko ngozi nyingine. Nikadhani ni jasho. Nikapaka poda ya watoto.

Bahati yetu ni kwamba Jumapili hiyo Mama alikwenda kanisani na akamtaja mgonjwa wake wakati wa maombi. Miongoni mwa wanawake waliokuwa wakiomba alikuwepo mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chetu, ambaye watu humwita daktari, nusu kwa utani na nusu kwa heshima. Alikuja siku hiyohiyo na mkoba wake wa kazi. Hakuuliza maswali mengi. "Mgeuze nimwone mgongo," akasema. Akaibonyeza ile alama kwa kidole, akaiachia, akangoja. Akanishika mkono akauweka hapo nisikie joto lake na ugumu wake. "Mwanangu, hiki ni kidonda cha kulalia kinachoanza. Kwa ngozi yetu hutakiona chekundu, utakisikia kwa mkono. Kikipasuka, utaita watu wa kuomba wa aina nyingine."

Akanionyesha. Mgonjwa asiyejigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na kengele ya simu ndiyo nesi. Mto katikati ya magoti. Visigino visiguse godoro. Akila aketishwe wima, na asilazwe mara tu anapomaliza, maana koo nalo limepigwa kiharusi na uji unaweza kwenda mapafuni. Na tafadhali, akasema huku akinitazama kwa jicho kali, acheni kumvuta kwa huo mkono uliolegea, mtautoa begani. Tulikuwa tukimvuta kwa mkono huo tangu Ijumaa ile.

Kisha akampima presha: 172 kwa 104. Akaomba kuona dawa, akaisoma karatasi, akanyamaza kidogo. Dawa moja ilikuwa ya BD, yaani mara mbili kwa siku. Mimi nilikuwa nikimpa asubuhi tu. Hakujifanya anajua zaidi ya anachojua. Alimpigia muuguzi wa zahanati akamweleza, kesho yake tukaelekezwa cha kufanya.

Nyumba ya mama huyu naiona nikisimama nyuma ya zizi letu. Jogoo wake ndiye anayetuamsha. Boma letu limo katika orodha ya maboma yapatayo mia moja aliyokabidhiwa, na limeandikwa katika simu ya kazi aliyopewa, idadi ya watu, choo, vyandarua na kila kitu. Wahudumu kama yeye wako zaidi ya laki moja nchi nzima tangu serikali ilipowazindua Septemba 2023 na kuwapa mikoba yenye vipimo vya presha, sukari na joto la mwili. Na bado Baba alilala siku tisa akioza polepole umbali wa kurusha jiwe kutoka kwa mtu aliyejua la kufanya, kwa sababu hakuna aliyemwambia mgonjwa amerudi. Hospitali ilikuwa na simu. Yeye ana simu. Kilichokosekana ni mtu wa kupiga.

Watu wakikaa kuzungumzia matibabu siku hizi, mazungumzo ni SHA tu, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, tangu ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya hospitali, Oktoba 2024: nani amesajiliwa, nani amekataliwa, bili ilikuwa ngapi. Ni mazungumzo ya haki. Lakini bili huishia langoni mwa hospitali, na ugonjwa ukapanda nanyi kwenye gari. Mimi nataka kitu kidogo na cha bei ndogo: mgonjwa asiyejiweza asiruhusiwe kabla ya wodi kumpigia simu mhudumu wa kijiji chake, na karatasi ya pili iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, kwa yule atakayeshika beseni.

Najua kuna wanaosema, ah, kuuguza ni mila yetu, jamii ipo. Jamii ni nani? Ukilipekua neno hilo utamkuta mwanamke mmoja mwenye usingizi. Mhudumu wetu analipwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, nayo haiji kwa tarehe. Alipanda kilima kuja kwetu mara kumi na moja. Miaka ya mwanzo ya 2000, wakati Ukimwi ulipokuwa ukifagia huku Magharibi na Nyanza, wanawake kama yeye ndio waliokuwa wakizunguka na glavu na sabuni wakiosha watu ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa, na wengi hawakulipwa hata senti. Tusiite hiyo mila. Ni kazi.

Wageni walikuja, siwezi kusema hawakuja. Walileta mkate, sukari na sala ndefu, wakaketi mpaka chakula cha mchana, na mke wangu akawapikia. Mmoja alileta mizizi na jina la aliyemroga Baba. Tukapokea mizizi.

Mhudumu alituambia mwili uliopigwa kiharusi hurudisha sehemu kubwa ya nguvu zake katika miezi mitatu ya kwanza. Hesabu mwenyewe: ukingoja hizo wiki sita za kwenye karatasi ndipo uanze mazoezi, nusu ya muda huo imekwisha. Kwa hiyo tulianza nyumbani, kufinya soksi iliyokunjwa, kuinua chupa ya maji, kukaa na kusimama. Choo chetu ni cha shimo, kiko nje, cha kuchuchumaa. Nikaenda kwa seremala wa kando ya barabara anayetengeneza majeneza nikamwomba anitengenezee kiti chenye tundu, ndoo ikae chini. Ilibidi nimchoree. Ana majeneza ya kila kimo, yamepigwa vanishi yanamngoja mwenyewe, lakini kiti cha mgonjwa hajawahi kuagizwa maisha yake yote.

Hapo ndipo nikauelewa utani wa Baba. Chama chetu kina hema mbili, viti 150, sufuria tatu za kupikia kijiji kizima, na spika. Mtu akifa, saa tatu hazipiti kamati haijakaa. Sikatai, na mimi ni mwanachama, natoa mia yangu kila mwezi. Lakini mtu akirudi hai kutoka hospitalini, hakuna kamati.

Nilisimama katika kikao nikapendekeza tununue kiti cha magurudumu kimoja, kiti cha choo na godoro moja zuri la sponji, viwe vya kuazimana. Pakawa kimya. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Kijana, tununue kitu kikae kikingoja mtu augue? Huko si kuwaitia watu ugonjwa?" Nilitaka kumuuliza zile hema zinangoja nini, ila ni rika la Baba, nikakaa chini. Mweka hazina, Mungu ambariki, aliandika jambo langu kwenye mengineyo ya kikao kijacho.

Kile kidonda hakikupasuka. Presha imeshuka. Maneno yanamrudia Baba, ya kugomba yakitangulia. Wiki iliyopita kulikuwa na mazishi ng'ambo ya mto, kijana akatumwa kuchukua kile kiti cha plastiki kilichokuwa bado kwetu. Baba akamzuia kwa mkono wa kushoto. Akakishika kiti mgongoni, penye zile herufi, akakisukuma mbele akakiegemea, akavuta mguu, akakisukuma tena. Kutoka mlangoni hadi langoni ni hatua kumi na nne. Kijana alisimama pale akisubiri, na hakuna aliyemharakisha.